Breki za Baba Yako

Tibirinzi, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Masoud,

Assalaamu alaykum. Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko barazani kwa jirani, unaagana na wenzako, na kicheko chako nakisikia kutoka hapa nilipokaa. Sanduku lako limeshafungwa kamba. Sitakuandikia habari ya kula, wala ya kulala, wala ya marafiki wa kuwachagua. Kama hayo hukuyapata kwa miaka yote uliyokaa humu ndani, karatasi haitakupa.

Nakuandikia kwa sababu ya jana.

Jana asubuhi ile gari itakayokupeleka Mkoani kupanda meli ilisimama mbele ya duka, na baba yako akaenda kuitazama. Hakuitwa na mtu. Akaizunguka, akapiga goti penye gurudumu la mbele, akainama kuchungulia chini. Dereva akamwambia aondoke, gari yake bado haijataka kufa. Watu wakacheka. Wewe ulikuwa hapo. Ukasema kwa sauti ya kutaka usikiwe: "Baba, ondoka tafadhali. Wewe na magari yalikwisha. Ninakokwenda hakuna anayejua mimi mwana wa nani, basi niache niende hivyo hivyo."

Haya hakunambia yeye. Nililetewa na watu kabla hajafika mlangoni. Yeye alipoingia alikung'uta vumbi la gotini, akanambia gari ile haina neno, breki zake nzima, utafika salama. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Basi ujue mapema kwamba sikuandikii kwa wema. Nakuandikia kwa hasira, na nataka haya yakuume. Hasira yangu kubwa si juu yako. Juu yako ni ile iliyobaki baada ya mimi kujimalizia yangu.

Jambo lenyewe ni hili, Masoud. Breki za baba yako zilikuwa nzima.

Ulikuwa mdogo wakati ule, lakini kile kigari cha Nassor utakikumbuka, maana nyote watoto wa Tibirinzi mlikuwa mkikikimbilia. Nassor, mtoto wa Bwana Salim mwenye shamba la Vitongoji, ndilo shamba walilokuwa wakikaa babu na bibi yako, wazee wangu. Kilikuwa kigari kidogo cha watu wanne, cha kuendea sokoni na kurudi. Nassor akakikata nyuma, akakipunguza uzito, akatia ndani yake injini aliyoitoa kwenye gari kubwa. Akawa anatoka Chake kwenda Mkoani na hakuna wa kumshika. Kwenda kilikwenda. Kusimama ndiko kulikokuwa na kazi, kwa sababu breki zilikuwa zile zile za kigari cha kuendea sokoni. Mara ya kwanza aliingia mihogoni, mara ya pili akavunja ukuta wa watu, ndipo akamjia baba yako.

Wakati ule baba yako alikuwa Fundi Faki. Watu walikuwa wakimletea magari kutoka Wete na kutoka Mkoani, na akipita njiani aliamkiwa kwa jina la kazi yake. Aliitazama ile gari siku nzima bila kuigusa. Nilimpelekea chakula nikamkuta amechutama tu. Akanambia kwamba aliyetia injini ile ni mwenda wazimu, na kwamba ataka kuipa breki zinazolingana na wazimu wake.

Mtambile kulikuwa na lori dogo limekufa nyuma ya duka, kuku wanatagia ndani. Akenda akalifungua magurudumu, akatoa breki zake. Breki za magari yale, kama alivyonieleza mimi nisiyejua kitu, ni kama sufuria ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake mna vipande viwili vinavyotanuka kuibana sufuria isizunguke. Za kigari zilikuwa ndogo na nyembamba, zikipata moto haraka, na zikishapata moto hazishiki. Za lile lori zilikuwa pana. Lakini hazikukaa. Ikambidi achonge, atoboe upya, akate chuma cha kushikilia, abadilishe na vipande vya kubania, atie mrija mpya wa kupitishia mafuta ya breki. Alikuwa akirudi nyumbani mikono imechubuka na uso umekunjuka. Sijapata kumuona na furaha kama ile, si siku ya harusi yetu wala siku uliyozaliwa wewe, na sisemi hivyo kwa wivu.

Alipomaliza alinichukua mimi kuijaribu. Nilijifunika buibui mpaka machoni kwa aibu ya watu. Tukapanda hadi juu ya mteremko wa Tibirinzi, akaiacha gari iteremke kwa nguvu zake zote, mimi nimeshika mlango. Katikati ya mteremko akaachia usukani, akanyanyua mikono yote miwili nione, ndipo akakanyaga breki. Gari ikasimama. Haikwenda upande, haikuyumba, ilisimama kama aliyeitwa jina. Baba yako akanigeukia. "Umeona, Bi Mwana? Haikuvuta kushoto wala kulia." Nikamwambia nimeona, na kwamba nimekaribia kutapika. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka, kwa hivyo nimekuandikia ukijue. Wewe humjui baba yako akicheka.

Nassor akaichukua gari yake. Haukupita muda akaanza mchezo. Akiona mtu mbele yake njiani humwendea kwa kasi, na akishamkaribia kabisa hukanyaga breki, gari ikasimama nyuma ya visigino vya mtu. Wenye mizigo wakaitupa. Mama mmoja akamwaga samaki wake wote mchangani. Mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mzima, akaruka ndani ya handaki na joho lake. Nassor na wenzake ndani ya gari wanacheka. Na kila mtu alikuwa akisema, "Lakini breki zile! Kazi ya Fundi Faki." Baba yako alizisikia sifa zile kwanza, kisha akasikia zinakotokea.

Alimfuata Nassor dukani, mbele ya watu. Alimwambia: "Breki kazi yake ni kukamata gurudumu, basi. Gurudumu likishakamatwa, kinachoshika ardhi ni mpira, na mipira yako imekwisha, ni laini kama kipara. Siku ya mvua nitakuwa nimekukamatia gurudumu vizuri sana na matope yatakuchukua vile vile." Nassor akamjibu kwa upole: "Wewe fundi, shughulika na chuma. Dereva mimi." Baba yako akarudi nyumbani, akanihadithia. Nami nikamwambia amwache mtoto wa watu, asije akatuudhia Bwana Salim. Hili liweke pembeni, ni dogo katika yale niliyoyafanya.

Sasa Shaame. Shaame alikuwa kijana wa Vitongoji, kiziwi tangu kuzaliwa, akichukua kuni za watu kwa kichwa. Mama yake ni Bi Riziki, unamjua. Kwa Shaame ule mchezo haukuwa na ladha, maana hasikii injini wala hasikii vicheko. Siku moja gari ilisimama nyuma yake karibu kumgusa, naye akaendelea na safari yake. Baadaye akageuka kwa mambo yake mwenyewe, akaikuta, akafurahi, akaipigapiga kwa kiganja mbele pale kama anavyopigwa ng'ombe mpole. Wenzake Nassor wakamcheka Nassor. Toka siku hiyo kila akimuona Shaame humwendea, na kila siku karibu zaidi.

Vuli ilipoanza, siku ya mvua, kwenye mteremko wa kwenda Vitongoji, alimuona Shaame mbele na mzigo wa kuni. Alikanyaga breki pale pale alipozoea kukanyaga. Magurudumu yote manne yakasimama, na gari ikenda nayo yamesimama mpaka ikambana Shaame na mnazi. Alifikishwa hospitali ya Chake akiwa hai. Alasiri hakuiona.

Baba yako alikwenda kuitazama njia. Aliporudi alisema magurudumu manne yameacha alama nne, zimenyooka, hakuna iliyopinda. Nilimuona akijua maana ya maneno yake: breki zilishika.

Kesi ikafunguliwa. Ikasemekana atakuja mkaguzi kutoka Unguja kuitazama gari, na kama breki nzima basi Nassor ameua kwa mchezo wake na jela inamngoja. Bwana Salim hakumwita baba yako. Aliniita mimi. Alinikaribisha vizuri, akauliza wazee wangu wanaendeleaje, akaniambia shamba la Vitongoji amepata mtu wa kulinunua lakini moyo wake unasita kwa ajili yao. Kisha akasema: "Breki zilikatika. Mumeo aseme hivyo, na gari ionekane hivyo. Wazee wako hawatatoka." Akaniagizia kahawa. Na mimi niliinywa, Masoud. Ilikuwa kahawa nzuri.

Nilikuja nayo nyumbani habari ile. Baba yako alikuwa anaswali, nikangoja amalize. Nikamwambia. Akanambia, bado yuko juu ya msala, "Nikisema hivyo, aliyemuua Shaame ni mimi."

Nikamwambia, "Shaame keshakufa. Wazee wangu wangali hai."

Nilisema hivyo, kwa sauti hii hii unayoijua ya kukuitia chakula. Akasema hakuna kingine anachokijua duniani ila kazi ile. Nikamwambia kazi ziko nyingi. Akasema kuna Masoud, watoto watamwambia nini skuli. Nikamwambia watoto husahau. Kila alipofungua mdomo nilikuwa na jibu, na niliona ninashinda, na katika kushinda kule nilipata raha fulani ambayo mpaka leo nikiikumbuka hujitazama mikono. Mwishoni nikalia. Nilikuwa najua kwamba mbele ya kilio changu hana la kufanya.

Ijumaa, watu walipoingia msikitini, alikwenda kwenye ua wa Bwana Salim ilipowekwa ile gari. Mimi nilisimama langoni kutazama njia. Tangu nimjue ndiyo Ijumaa ya kwanza aliyoikosa akiwa mzima. Alilala chini ya gari na vyombo vyake, na mimi nasikia chuma kinakwaruza chuma. Aliukata ule mrija wa mafuta alioutia yeye mwenyewe, akausugua uonekane umekatika kwa kuchakaa na kwa kufungwa vibaya. Alifungua na magurudumu ya mbele akaharibu na ndani. Nilikuwa na haraka, nikamwita kwa sauti ya chini kwamba wanakaribia kutoa salamu. Akatoka, mafuta yamemwagikia usoni, sikuweza kujua kama kuna kingine. Alikusanya vyombo vyake kimoja kimoja akavifunga kwenye kitambaa, na alipopita mbele yangu langoni hakunitazama.

Mkaguzi alikuja, akaona alivyowekewa aone. Mahakamani baba yako aliulizwa kama breki zile ni kazi yake, akakubali. Akaulizwa kama alizifunga kwa uangalifu, akasema hapana. Hakimu akamkemea mbele ya watu, akasema mafundi wa kujifunza barabarani ndio wanaoua watu. Nassor akaenda kwao, baba yako akaenda jela. Wewe kipindi kile nilikupeleka Vitongoji ukae na bibi yako, ukanichukia kwa kukutenga na wenzako. Uliporudi skuli ulikuwa umeshapata jina. Walikuita Breki. Ulipigana kwa ajili ya jina lile, ukarudi nyumbani mdomo umevimba, na baba yako, ameshatoka jela, akataka kukutia dawa, ukampiga kofi mkononi. Ulikuwa mtoto. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na bakuli la maji ya moto, nikasema, "Mwache, atajitia mwenyewe."

Bi Riziki alikuja nyumbani mara moja tu. Hakupiga kelele. Alimwambia baba yako kwamba mwanawe hakusikia neno lolote katika maisha yake, jema wala baya, na yeye kila akimfikiria Faki huomba Faki asikie kila neno mpaka siku ya kufa kwake. Baba yako alimsikiliza amesimama, kichwa chini, na alipomaliza akamwambia, "Umesema haki, Bi Riziki." Mimi nilikuwa jikoni nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Sikuacha kukuna. Nazi ilikwisha nikawa nakuna kifuu, na chakula cha siku ile mlikula kina uchafu wa kifuu, mkanung'unika.

Sasa sikiliza kilichobaki. Haikupita miaka mingi, msimamizi wa Bwana Salim akenda Vitongoji akawaambia wazee wang'oe mihogo yao waondoke, shamba limepata mwenyewe mpya. Nilikwenda kwa Bwana Salim. Safari hii sikukaribishwa kiti. Nikamkumbusha ahadi. Akanijibu bila hasira yoyote: "Nilikwambia hawatatoka. Sikukwambia mpaka lini."

Wakaja kukaa kwetu, kile chumba cha nyuma ulicholala wewe mpaka leo asubuhi. Babu yako alikuwa hasemi sana. Bibi yako ndiye aliyesema. Aliwekewa chakula kilichotoka kwenye mabega ya baba yako, kwa sababu fundi aliyeua haletewi gari, na baba yako alikuwa amekwisha kuwa hamali wa kubeba magunia ya karafuu ghalani. Siku moja tunakula, bibi yako akamwambia: "Faki, sikulaumu sana, lakini laiti usingemuua yule mtoto wa watu, Bwana asingetukasirikia. Tungekuwa kwetu."

Ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kushoto kwa babu yako. Baba yako alisema, "Kweli, mama." Akamsogezea samaki. Wewe ukaacha kula ukaondoka, ukasema kwa mdomo wa pembeni kwamba nyumba hii inanuka. Na mimi, Masoud, mimi niliuliza nani ataka mchuzi zaidi.

Babu yako alitangulia, na bibi yako akafa katika chumba kile akiamini hivyo. Aliyemwosha nilikuwa mimi, na hata pale, tuko peke yetu na yeye hasikii, sikumwambia.

Utauliza kwa nini sikukwambia wewe. Nilitaka. Baada ya matanga ya bibi yako nilimwambia baba yako kwamba sasa sababu zote zimekufa, nimwambie mtoto. Akanikataza, akaniapisha. Alisema: "Mimi ananichukia tayari, keshazoea. Ukimwambia atakuchukia wewe. Usimpe kazi ya pili." Nikaapa. Niliapa upesi, kwa sababu kiapo kile kilinifaa mimi. Miaka hii yote wewe umekuwa ukinijia mimi kwa siri zako, ukinipa mimi mshahara wako wa kwanza, ukinipikia uji nilipoumwa, na yeye akipita uani wewe unanyamaza mpaka apite. Mapenzi yale niliyala na najua yalikotoka. Leo navunja kiapo, na usidhani ni uaminifu ulionijia uzeeni. Nimevunja kwa sababu jana, nilipoletewa maneno uliyomwambia, nilijisikia mimi ninayasema. Ni sauti yangu ile, ya kujua jibu la kila kitu.

Unakwenda kusomea ualimu. Utakuwa mtu wa kusimama mbele ya watoto na kuamua nani kakosa. Sina la kukufundisha huko. Nakwambia tu niliyoyaona kwangu. Nilidhani ubaya huja na uso wake, na mimi ukinijia nitaujua. Ulikuja kwa sura ya wazee wangu, na mihogo yao, na kuku wao, ukanikuta nina huruma. Sikuwa na chuki na mtu hata mmoja siku ile. Nilikuwa mtoto mwema wa wazee wangu, na ndivyo nilivyomla mume wangu.

Na jengine. Ukishasoma haya utataka kumwomba radhi. Najua, maana una haraka kama mimi. Usifanye hivyo. Mimi nilimwomba. Ilikuwa baada ya ile arubaini ya bibi yako, nilimwangukia miguuni nikalia nikasema kila kitu anachokijua yeye kuliko mimi. Unajua ilikuwaje? Aliniinua. Akanifuta uso kwa kanga yangu mwenyewe, akanipepea, akaniambia nisijitie maradhi, akanichemshia maji akanitilia mdalasini. Nililala nikapumzika kama mtoto. Nilipoamka nikamkuta amekaa pale pale kwenye kiti, amevaa nguo za kazini, hakulala. Nilikuwa nimempa mzigo wangu aubebe pamoja na magunia. Akakohoa, akaenda ghalani. Basi radhi ile ilikuwa yangu mimi. Yeye hakupata kitu.

Kwa hivyo usimwandikie kwamba umejua. Akijua kwamba umejua atajua nimevunja kiapo, na ataanza kutulinda sisi wawili badala ya mmoja, na mgongo wake hauko tena. Mwandikie mambo ya kawaida. Mwandikie chakula cha huko kikoje, na mvua, na kama magari ni mengi na yanakwendaje. Atapenda kusikia habari ya magari, ingawa atasema hataki. Juu ya bahasha andika jina lake na la baba yake, basi. Kidole kitakuwasha uandike Fundi. Usithubutu. Barua zetu husomwa majina kwa sauti dukani, na watu watacheka, naye atasimama pale katikati yao akiwa ameshika barua ya mwanawe.

Na mimi ukitaka kuniandikia, andika. Usipoandika nitaelewa. Sikukwambia haya ili unisamehe. Kama utanisamehe upesi nitajua hukusoma vizuri.

Barua hii nitaitia katikati ya mashuka yako, uikute utakapotandika kitanda huko Unguja. Nimefikiri sana kama nikupe leo mkononi. Ningekupa, ungemkimbilia, na kesho watu wa hapa wangeona mtoto anamlilia baba yake njiani wakauliza kuna nini, na yeye angelazimika kuwatafutia uongo mwengine. Basi kesho itakuwa kama utakavyoifanya mwenyewe. Amesema hatafika Mkoani, atakuagia hapa hapa mlangoni kabla ya kwenda kazini. Atakunyooshea mkono, nawe utaupokea vile unavyoupokea siku zote, vidole tu, unatazama pembeni, una haraka ya kuwahi gari. Nitakuwa nimesimama nyuma yako nikiona. Sitakuzuia. Na wewe unayesoma sasa, umeshafanya hivyo.

Mama yako